Kinachopungua Katika Pumba

Kirutubishi cha nyongeza huwa cha lazima pale chakula cha msingi kinapokuwa na upungufu wake, na mnyama hana njia nyingine ya kukipata. Kwa sababu hiyo, haitoshi kusoma paketi ili kujua kama premiksi, lisini, DCP au jiwe la chumvi vinahitajika. Ni lazima kwanza ijulikane mnyama ni yupi, tumbo lake hufanya kazi vipi, anakula nini kila siku, na anaishi malishoni au bandani. Kuku wa mayai aliyefungiwa kizimbani Dar es Salaam na kuku wa kienyeji anayechakura uani huko Singida ni ndege wa jamii moja, lakini wanavyomtegemea mfugaji ni tofauti kabisa. Wa pili hula mchwa, majani mabichi, changarawe, hata punje zilizomo kwenye samadi ya ng'ombe, na hushinda juani. Wa kwanza ana kile tu alichomiminiwa kwenye chombo cha chakula. Kama kuna kitu kimesahaulika humo, hatakipata popote.

Jambo hili halikujulikana siku zote. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, wataalamu waliamini kuwa protini, mafuta, wanga na madini machache vinatosha kumlisha kiumbe yeyote. Imani hiyo ilitikiswa na kuku. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akifanya kazi katika kisiwa cha Java, aliona kuku wa maabara yake wakilegea miguu na kushindwa kusimama walipolishwa mchele uliokobolewa. Waliporudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani walipona. Kitu kilichokuwa kikitupwa na mashine ya kukoboa ndicho kilichohitajika. Leo kinajulikana kama vitamini B1, na Eijkman alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929. Mwaka 1907, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani walianza kulisha makundi ya mitamba kwa zao moja moja: kundi la mahindi peke yake, la ngano peke yake, la oti peke yake, na la mchanganyiko wa yote matatu. Kwa hesabu za kemia ya wakati ule, vyakula hivyo vilikuwa sawa kabisa. Hata hivyo waliokula mahindi walizaa ndama wenye nguvu, na waliokula ngano walizaa ndama dhaifu au waliokufa. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo baadaye ilielezwa kwa vitamini A, ambayo mwili huitengeneza kutokana na rangi ya njano iliyomo kwenye mahindi ya njano na majani mabichi.

Mfugaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulikumbuka jaribio hilo. Mahindi yanayolimwa kwa wingi Tanzania na Kenya ni meupe, na mahindi meupe hayana rangi hiyo. Mapishi ya chakula cha kuku yaliyoandikwa kwa mahindi ya njano ya Marekani yakinakiliwa neno kwa neno na kuchanganywa kwa mahindi meupe ya Iringa au Kitale, vitamini A inakuwa imeshuka tangu mwanzo.

Kwa kuku na nguruwe, pengo linaloonekana mapema zaidi kwenye mfuko wa mfugaji ni la amino asidi. Protini imeundwa na viungo hivyo vidogo, vya aina ishirini hivi, na baadhi yake mwili wa mnyama hauwezi kuvitengeneza. Kimoja kikipungua, ukuaji na utagaji hushuka hadi pale hicho kimoja kinapofika, hata kama vingine vimejaa tele. Vile vilivyobaki bila kazi huvunjwa na kutolewa kwenye kinyesi, na hiyo ni sababu mojawapo ya banda la kuku kunuka amonia kali ilhali mfugaji anaamini analisha protini ya kutosha. Mahindi yana upungufu mkubwa wa lisini, mojawapo ya amino asidi hizo. Mashudu ya alizeti nayo yana lisini kidogo, ingawa yana kiasi cha kuridhisha cha methionini, amino asidi nyingine. Soya iko kinyume chake: lisini tele, methionini haba. Dagaa ana vyote viwili.

Hesabu ya kawaida inatosha kuonyesha maana yake. Katika kilo 100 za chakula cha kuku wa mayai, chukulia kilo 62 ni mahindi na pumba, na kilo 22 ni mashudu ya alizeti. Mahindi na pumba huleta takribani gramu 160 za lisini, na mashudu takribani gramu 240. Jumla ni 400. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye lisini ya gramu 700 hadi 750 kwa kila kilo 100. Pengo ni gramu 300 hadi 350. Kilo 7 za dagaa safi hulijaza karibu lote, na hapo lisini ya dukani haina kazi. Dagaa wakiondolewa kwa sababu bei imepanda, gramu 400 za unga wa lisini zinaweza kuziba pengo hilohilo kwa mujibu wa karatasi. Hapa ndipo wengi huteleza. Dagaa walileta pia karibu kilo 4 za protini nzima, na bila wao mchanganyiko huo hushuka kutoka protini ya asilimia 15 au 16 hadi asilimia 12 hivi. Gramu 400 za unga haziwezi kurudisha kilo 4. Lisini ya dukani huweka sawa protini iliyopo. Haigeuzi pumba kuwa nyama. Anayeacha dagaa anapaswa kuweka protini nyingine, kwa kawaida soya iliyokaangwa au mashudu yake, na akishaweka soya, upungufu huhama: sasa kinachotakiwa ni methionini.

Hivyo amino asidi za viwandani si anasa wala hila ya wauzaji. Lisini hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa bakteria waliogunduliwa Japani katikati ya miaka ya 1950, na bila lisini na methionini ya kiwandani kuku wa nyama wa leo, anayefikia kilo 2 katika wiki tano au sita, angehitaji chakula ghali zaidi chenye protini nyingi zinazopotea bure. Kwake ni lazima kwa vitendo. Kwa kuku wa kienyeji anayezurura na kuongezewa pumba jioni, ni fedha iliyotupwa. Na jambo moja lisemwe wazi: katika Ziwa Victoria, dagaa yuleyule anayesagwa kwa ajili ya kuku ni kitoweo cha watu wenye kipato cha chini kuanzia Mwanza hadi Kisumu, ambako huitwa omena. Kila mfuko wa soya na methionini unaochukua nafasi yake kwenye chakula cha kuku humwacha samaki huyo sokoni kwa ajili ya watoto.

Madini yana hadithi nyingine. Ganda la yai moja lina kalsiamu ya gramu 2 hivi. Kuku anayetaga mayai 300 kwa mwaka hutoa gramu 600, na mifupa yake yote ina gramu 20 tu. Nafaka hazina kalsiamu ya maana, kwa hiyo chokaa ya mifugo, au maganda ya konokono au chaza yaliyosagwa, ni lazima kwa kuku wa mayai bila mjadala, kwa kiasi kinachofanya chakula kiwe na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Akikosa, huanza kuyeyusha mifupa yake mwenyewe, maganda yanakuwa laini, na mwishowe miguu inashindwa kumbeba. Lakini kiasi hichohicho kwa kifaranga ni madhara. Vifaranga na kuku wanaokua wanahitaji asilimia 1 tu, na wakilishwa chakula cha watagaji figo zao huharibika. Kirutubishi kimoja, ndege wa aina moja, na tofauti ya umri inatosha kukigeuza kutoka uhai kuwa sumu.

Fosforasi ina fumbo lake. Pumba na mashudu yana fosforasi nyingi, lakini karibu theluthi mbili yake imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, ambacho kuku na nguruwe hawana kimeng'enya cha kutosha cha kukifungua. Fosforasi hiyo hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Ndiyo maana DCP, yaani fosfati ya kalsiamu, huongezwa hata kwenye chakula ambacho maabara imekipima na kukuta fosforasi imejaa. Tangu mwaka 1991 kimeng'enya chenyewe, fitasi, kimekuwa kikiuzwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, na kinapotumika kiasi cha DCP hupunguzwa. Dagaa nao huleta fosforasi iliyo tayari. Anayeweka dagaa wengi, fitasi na DCP kamili kwa wakati mmoja analipia kitu kimoja mara tatu.

Vitamini na madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, kama manganizi, zinki, iodini na seleniamu, ndiyo huunda premiksi. Kiasi chake ni kidogo, mara nyingi gramu 250 hadi 500 kwa kilo 100 za chakula kutegemea maelekezo ya mtengenezaji, na udogo huo humshawishi mfugaji aliyebanwa na gharama kuiacha. Kwa kuku aliyefungiwa ni kosa kubwa. Vidole vya kifaranga vikijikunja kwa ndani, mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2. Misuli ikiwa na michirizi myeupe, seleniamu na vitamini E. Miguu ikipinda kwa matege, vitamini D, kalsiamu au fosforasi. Magonjwa haya hayangojei miezi. Kifaranga wa kuku wa nyama wa kisasa huongeza uzito wake zaidi ya mara nne katika wiki ya kwanza, na akiba aliyotoka nayo ndani ya yai huisha upesi. Mchicha na majani mabichi husaidia kwa vitamini A na K, na jua likimfikia kuku moja kwa moja humpa vitamini D, lakini hakuna majani wala jua linaloleta seleniamu mahali ambapo udongo hauna.

Kwa wanyama wanaocheua, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, hesabu hubadilika karibu yote. Katika tumbo lao la kwanza huishi mabilioni ya bakteria na vijidudu vingine vinavyochachua majani kabla mnyama hajayameng'enya. Vijidudu hivyo hutengeneza vitamini zote za kundi B pamoja na vitamini K, huvunja fitati na kuachia fosforasi, na hujenga amino asidi zote kutokana na nitrojeni ya kawaida. Baadaye mnyama huvimeng'enya vijidudu vyenyewe. Ndiyo sababu ng'ombe anaweza kunufaika na urea, ambayo kwa kuku haina faida. Ndiyo sababu pia unga wa vitamini B unaouzwa kwa ajili ya ng'ombe mzima mwenye afya, anayekula majani ya kutosha, kwa kawaida hauna kazi. Lisini ya unga akipewa ng'ombe, sehemu kubwa huvunjwa na bakteria kabla haijamfikia yeye.

Hata hivyo bakteria hawawezi kuumba madini. Kisa cha kobalti kinaonyesha hilo vizuri, na sehemu yake ni ya Bonde la Ufa. Wakati wa ukoloni, ng'ombe waliofugwa karibu na Nakuru walikuwa wakikonda na kufa katikati ya nyasi nyingi, na ugonjwa huo ukapewa jina la mji huo katika vitabu vya tiba ya mifugo. Magonjwa yanayofanana nao yalikuwepo Australia na New Zealand. Watafiti walidhani ni upungufu wa madini ya chuma, kwa kuwa wanyama walionekana kuishiwa damu, na kweli baadhi ya mawe yenye chuma yaliwaponya. Katikati ya miaka ya 1930, Eric Underwood na John Filmer wa Australia Magharibi waliyachambua mawe hayo na kukuta kwamba kilichoponya kilikuwa chembe za kobalti zilizochanganyika humo. Kwa nini kobalti, haikujulikana hadi vitamini B12 ilipopatikana ikiwa safi mwaka 1948, na katikati ya umbo lake mkawa na kobalti. Bakteria wa tumboni hutengeneza vitamini hiyo, lakini wakikosa kobalti hawana cha kutengenezea. Kinachotakiwa ni miligramu 0.1 hivi tu kwa kila kilo ya malisho makavu. Ng'ombe wa Nakuru walikuwa wakifa kwa njaa ya kitu ambacho jicho haliwezi kukiona kiganjani.

Fosforasi nayo hupungua sana kwenye nyasi za kiangazi. Karibu na mwaka 1920, Arnold Theiler alionyesha huko Armoedsvlakte, Afrika Kusini, kwamba ng'ombe waliokuwa wakifa kwa kulegea viungo walianza kwa kutafuna mifupa ya mizoga, na walifanya hivyo kwa sababu malisho hayakuwa na fosforasi. Sumu iliyowaua ilitoka kwenye mizoga. Walipolishwa unga wa mifupa waliacha kutafuna mizoga, wakanenepa na kuzaa zaidi. Ng'ombe anayetafuna mifupa au matambara machungani bado hutoa ujumbe uleule, ingawa minyoo na njaa ya kawaida nazo zinapaswa kuchunguzwa. Unga wa mifupa isiyochemshwa kwa mvuke wala kuchomwa haufai, kwa kuwa unaweza kubeba kimeta.

Kirutubishi ambacho karibu kila ng'ombe wa maziwa anakihitaji ni cha bei nafuu kuliko vyote: chumvi. Majani mengi yana sodiamu kidogo na maziwa hutoka nayo kila siku. Wafugaji wa Kimasai walilijua hilo tangu zamani na kupeleka mifugo kwenye maeneo ya kulamba chumvi. Magadi ya Bonde la Ufa hutumika kwa kazi hiyo pia, lakini baadhi yake, hasa kaskazini mwa Tanzania, yana floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watu na mifugo. Jiwe la chumvi lenye fosforasi na madini mengine ni salama zaidi. Vitamini A huongezwa kwa ng'ombe wanaokula mabua na nyasi zilizokauka kwa miezi mingi mfululizo. Mvua zikinyesha na majani yakachipua, ini lao huweka akiba ya kutosha miezi kadhaa, na nyongeza haina haja.

Kuna pia nyongeza inayodhuru kwa kutolewa wakati usiofaa. Ng'ombe mwenye maziwa mengi anaweza kuanguka siku ya kuzaa kwa homa ya maziwa, pale kalsiamu ya damu inaposhuka ghafla. Mfugaji mwenye huruma humpa chokaa nyingi katika wiki za mwisho za mimba ili kumkinga, na kwa kufanya hivyo humzidishia hatari: mwili uliozoea kupokea kalsiamu tele huchelewa kuichota kutoka kwenye mifupa inapohitajika. Kalsiamu nyingi ni ya baada ya kuzaa.

Watoto wa nguruwe wanaozaliwa juu ya sakafu ya saruji ni mfano safi wa ulazima uliotengenezwa na binadamu. Kila mmoja anahitaji miligramu 7 hivi za chuma kwa siku, na maziwa ya mama humpa 1 tu. Porini angefukua udongo na kuzipata. Kwenye saruji hupauka, huhema kwa shida na kufa, isipokuwa achomwe sindano ya chuma, kwa kawaida miligramu 200, katika siku tatu au nne za kwanza.

Kwenye rafu za duka la pembejeo kuna vitu vingine vinavyokaa pamoja na virutubishi ilhali si virutubishi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad nchini Marekani waliwalisha vifaranga mabaki ya uchachushaji wakitafuta chanzo cha vitamini B12, wakaona wanakua kuliko vitamini hiyo ingeweza kueleza. Mabaki hayo yalikuwa na antibiotiki. Kutoka hapo dunia ikaanza kuchanganya antibiotiki katika chakula cha mifugo ili wakue haraka, na bakteria sugu wakaongezeka. Sweden ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukayakomesha yote tarehe 1 Januari 2006. Ufugaji wa nchi hizo haukufa. Hakuna mnyama mwenye upungufu wa antibiotiki kama tetrasaiklini, na anayeinunua kama kirutubishi anapunguza nguvu ya dawa ambayo mtoto wake anaweza kuihitaji kesho. Rangi za kuongeza unjano wa kiini cha yai hazidhuru kwa namna hiyo, lakini kazi yake ni ya jicho la mteja. Viungo vya kufunga sumukuvu, vingi vikiwa udongo wa bentonaiti, husaidia kwa kiasi, ila havigeuzi mahindi yaliyooza kuwa chakula.

Mchanganyiko wa mnyama mmoja usipewe mwingine kwa kudhani kuwa nyongeza zake haziwezi kuzidi. Kondoo hawezi kutoa shaba mwilini kwa kasi, na shaba iliyo ya kawaida katika chakula cha nguruwe au kuku hujazana kwenye ini lake hadi kumuua ghafla. Chakula cha kuku chenye monensini, dawa ya kuzuia koksidia, huua punda na farasi kwa kusimamisha moyo.

Hata nyongeza iliyo ya lazima inaweza kufika kihorini ikiwa imekufa. Vitamini A na E huharibiwa na joto, mwanga na hewa, na huharibika haraka zaidi zikikaa mfuko mmoja na chumvi za shaba na chuma au kolini, hasa kwenye unyevu wa pwani. Premiksi hufaa kununuliwa ya tarehe ya karibuni, ikafungwa vizuri, ikawekwa mahali pakavu penye ubaridi. Wakati wa kuchanganya, hukorogwa kwanza na kilo chache za pumba, ndipo hizo zikatawanywa kwenye rundo zima na kugeuzwa kwa koleo mara kadhaa. Ikimwagwa moja kwa moja juu ya kilo 100, kuku watakaokula upande mmoja watapata mara nyingi zaidi ya kiasi chao, na wa upande wa pili watakula pumba tupu.